Mkasimu

Bwana Rashmikant ameniachia barua ya idhini,
kurasa mbili, chapa ya kampuni ya kutoa mizigo bandarini,
na kikaratasi cha manjano juu yake:
"Mwanakheri, itie Kiswahili kabla ya saa nane."
Yeye yuko Nyali, kinyozi anamnyoa.

Mkasimiwa nimempata upesi.
Ni Tsuma, atakayekwenda na muhuri forodhani,
asimame foleni, atukanwe kwa niaba.
Lakini huyu wa juu, mwenye kukasimu,
mstari wake uko wazi na wino umenikaukia.

Tazama tulivyowatajirisha waliotumwa:
tarishi, mjumbe, wakili, naibu, kaimu, mwakilishi.
Aliyetuma amekaa ndani, mlango umerudishwa,
kilichotoka ni sauti tu.

Nikamtuma Tsuma akaulize Kuze
kwa Maalim Badi, yule anayejalidi vitabu.
Amerudi na mahamri mawili na jibu:
"Maalim amelala. Mkewe asema andika bosi, yaishe."

Mkasimu, basi. Nalipima neno ulimini.
Ndani yake mna kasimu, kugawa,
kama mama alivyogawa changu mmoja sahani saba,
yake mwenyewe ikawa mchuzi.
Lakini agawaye samaki hupungukiwa.
Agawaye kazi hubaki na mikono yake mizima, misafi.
Na lawama je, nayo hugawika?
Mjumbe hauawi, twasema, tukajiona waungwana,
wala hakuna aliyeondoka kwenda kumtafuta mtumaji.

Baba yangu Famau alikuwa mkasimu.
Miaka kumi na tisa Jubeil, juu ya winchi,
na kila jambo lake la Mombasa likapita mikono ya watu:
ada ya shule, kwa mkono wa Ami Shekue,
mabati ya jikoni, kwa mkono wa Ami Shekue,
na kofi nililopigwa kwa kuchelewa chuoni
nalo lilitoka Jubeil.
Siku ya nikahi yangu simu iliwekwa juu ya mkeka,
sauti yake ikikatikakatika:
"Nimekuwakilisha, ndugu yangu, umuoze binti yangu."
"Nimekubali uwakala," akasema Shekue.
Mimi nili chumba cha ndani, hina haijakauka.
Nikalisikia lile "binti yangu" likifika limechelewa,
kama mzigo uliolala bandarini hadi ukatozwa faini.
Sikulilipia.

Hadi Shaabani ya mwaka juzi,
aliporudi mwepesi kuliko sanduku alilokuja nalo,
asimalize hata wiki mbili.
Jeneza likatoka, wanaume wakalifuata Kikowani.
Sisi wanawake tukabaki kizingitini,
njia yetu huishia hapo.
Nikamshika mkono Faki, mtoto wa dada, miaka kumi na mbili:
"Ukifika, tia konzi zako tatu,
kisha tatu nyingine ziwe zangu. Usizichanganye."
"Niseme nini?"
"Sema umetumwa."

Nikakaa nikihesabu:
sasa wamepita Makadara,
sasa wameteremsha,
sasa ameinama.
Mwili wangu mlangoni, baina ya viatu vya wageni,
na mkono wangu umekwenda bila mimi,
umepita juu ya mapaa ya watu,
umebeba kitu usichokiona.
Hapo ndipo nilipojua winchi ilivyo.

Aliporudi sikumuuliza neno.
Nilizitazama kucha zake.

Saa saba na nusu. Naandika:
"Mimi, mkasimu," kisha nafasi ya jina
la Bwana Rashmikant, atakayetia saini asome au asisome.
Herufi zile nane nimezipiga moja moja.
Tsuma yuko mlangoni, muhuri mfukoni,
aniuliza kama aende.
Namwambia amalize chai.
Bado hajatumwa.